Kibofu chenye haraka: historia ya dawa zilizoazimwa

SEHEMU YA 1

 

Wiki iliyopita niliandika kuhusu mazoezi ya nyonga baada ya kujifungua. Nilitegemea maswali ya mshono na ya maziwa. Badala yake inboksi ikajaa habari za mkojo. Kuna mama anajua kila choo kati ya Mbagala na Kariakoo, na bei yake. Kuna aliyeshindwa kwenda msibani kwao kwa sababu basi halisimami njiani kila saa. Kuna mwingine anavaa pedi kila siku mwaka wa nne sasa na mume wake hajui.

Ujumbe mmoja ndio umenifanya nianze mfululizo huu. Ni mama wa watoto wawili, wa pili ana miezi mitano, ananyonyesha. Alikuwa anabanwa mkojo ghafla, akichelewa kidogo tu kanga imelowa. Jirani akamgawia vidonge vya "kukaza mkojo" vilivyobaki kwa mama yake mzazi. Ametumia siku tisa. Safari za chooni zimepungua kweli, ila mdomo umekauka kama amelamba unga, choo kikubwa hajapata siku nne, na anahisi maziwa yamepungua. Akaniuliza: "Dada nesi, hivi hii dawa hasa ni ya nini?"

Swali zuri sana hilo, kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Nikimjibu kwa mstari mmoja nitakuwa nimemdanganya, kwa sababu dawa nyingi tunazozitumia kutuliza kibofu hazikuanzia kwenye kibofu. Zimeazimwa. Nyingine ilikuwa ya tumbo, nyingine ya moyo, nyingine ilitafutwa kwa ajili ya sukari, nyingine inanyoosha mikunjo ya uso. Na kitu cha kuazima, mnajua wenyewe, kinakuja na tabia za mwenyewe.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Madaktari wanasema kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Mimi nakiita kibofu chenye haraka. Dalili yake kuu ni ile kubanwa kwa ghafla ambako huwezi kukusubirisha. Mara nyingi unaenda chooni zaidi ya kawaida, unaamka usiku, na wengine mkojo unawatoka kabla hawajafika mlangoni.

Sasa tahadhari, maana najua kuna mtu ataishia hapa hapa na kukimbilia duka la dawa. Mkojo unaochoma, wenye harufu kali, na homa juu: hiyo inaweza kuwa UTI, kapime mkojo. Kiu isiyoisha na mkojo mwingi: kapime sukari. Mkojo unaotoka ukikohoa, ukicheka au ukibeba ndoo ni tatizo lingine, la nyonga kulegea, na vidonge hivi havikusaidii. Na wewe uliyekaa na uchungu siku mbili, ukajifungua kwa shida, na tangu siku hiyo mkojo unatiririka usiku na mchana bila hata kubanwa, tafadhali usimeze chochote. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Inatibiwa kwa upasuaji, na CCBRT Dar es Salaam wanaitibu bila malipo. Usikae nayo ndani kwa aibu.

Ukishaondoa hayo yote, unabaki na kibofu chenye haraka.


SEHEMU YA 2

Kibofu ni mfuko wa msuli. Kikijaa, ubongo unapokea taarifa, ukiruhusu, mishipa ya fahamu inaupa msuli amri ya kujikunja, mkojo unatoka. Amri hiyo inapelekwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hii hii, jamani, ndiyo inayoamrisha mate yatoke, machozi yatoke, matumbo yasukume chakula na moyo upunguze mwendo. Ndani ya ubongo nayo ina kazi kubwa kwenye kumbukumbu. Mshike hapo, maana matatizo yote yanayofuata yanatoka kwenye sentensi hizo mbili.

Aliyethibitisha kwamba mishipa inaongea na viungo kwa kemikali ni Otto Loewi, mtaalamu aliyekuwa Graz, Austria, mwaka 1921. Alisimulia mwenyewe kwamba jaribio lilimjia ndotoni. Usiku wa kwanza aliamka akaandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku wa pili ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kuche, alikwenda maabara saa ile ile. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Akasisimua mshipa wa moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mapigo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akaupa moyo wa pili. Nao ukapunguza, bila kuguswa na mshipa wowote. Mwaka 1936 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Sisi manesi hatuhitaji chura kuiona kemikali hii ikizidi. Yeyote aliyewahi kupokea mtoto aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu wa shamba ameiona. Nyingi ya dawa hizo zinazuia mwili kuivunja asetilikolini. Mtoto anafika anatokwa mate, machozi, jasho, anaharisha, na amejikojolea. Kila bomba la mwili limefunguka. Tunampa atropini ya sindano, tunarudia na kurudia, mpaka kifua kikauke. (Na wewe unayehifadhi dawa ya shamba kwenye chupa ya soda, nakuomba leo hii kabla hujalala ukaitoe.)

Atropini ni adui wa asetilikolini. Inakwenda kukaa pale ambapo amri ilitakiwa kupokelewa, kwa hiyo amri haifiki. Chimbuko lake ni mmea wa belladonna wa Ulaya, jina ambalo kwa Kitaliano ni mwanamke mrembo. Inasimuliwa kwamba wanawake walidondoshea maji yake machoni ili mboni zipanuke wapendeze. Huku kwetu tuna ndugu yake, mnanaha, ule wenye maua meupe kama tarumbeta unaoota ovyo kwenye majalala. Mtu akila mbegu zake mdomo unakauka, mboni zinapanuka, mkojo unagoma, na anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Yaani hapo umeshaona faida na hasara za dawa za kibofu kwenye mmea mmoja.

Wanakemia wa karne ya 20 walichofanya ni kuitafuta atropini yenye adabu, itakayotuliza misuli ya tumbo bila kuvuruga kichwa. Buscopan mnayoijua nyote, ya tumbo la hedhi, ni ya ukoo huu. Na kwenye ukoo huu ndiko ilikozaliwa oksibutinini. Wazo la mwanzo lilikuwa matumbo yanayojikunja sana. Ikaonekana inakitoa kibofu kwenye haraka vizuri zaidi, na mwaka 1975 Marekani ikaidhinisha itumike kwa kazi hiyo.

Msinielewe vibaya, siidharau dawa hii. Kuna watoto inawaokoa figo. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi ana kibofu kigumu, kinachojikunja bila mpango, kikirudisha presha ya mkojo juu kwenye figo. Zamani watoto hawa waliishia figo kufeli. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alithubutu kusema mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi, mara kadhaa kwa siku, nyumbani, bila mpira huo kuwa umeuliwa vijidudu kama wa chumba cha upasuaji. Wenzake wengi walimwona amepotoka. Leo ndiyo kawaida dunia nzima. Ukiunganisha mpira huo na oksibutinini, kibofu kinatulia kikiwa kinajaa, kinamwagwa kwa wakati, figo zinapona. Mama mwenye mtoto wa mgongo wazi unayesoma hapa, ukiambiwa mtoto atumie, usiogope kwa sababu ya maneno yangu. Kwa mtoto wako hesabu ni nyingine.

Lakini kwa mtu mzima anayebanwa tu, hesabu ilikuwa ngumu. Wengi waliianza, wengi wakaiacha. Mdomo mkavu si jambo dogo. Chakula hakimezeki, meno yanaoza, sauti inakwama. Na wengine, kwa kuwa mdomo umekauka, wanakunywa maji mengi zaidi, halafu wanarudi kulalamika kwamba wanakojoa sana. Nimecheka mwenyewe nikiandika hili, ila wodini halichekeshi.

Kesho nitawasimulia dawa iliyotoka kwenye moyo.


SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nichelewe kupost, maana nilitaka niiandike taratibu.

Miaka ya 1960 huko Uswidi kulikuwa na dawa iitwayo terodilini. Ilikuwa ya maumivu ya kifua, kwa wagonjwa ambao mishipa ya moyo imebana. Ilikuwa na kasoro moja: baadhi ya waliotumia mkojo ulikuwa unagoma kutoka. Kwa mgonjwa wa moyo hilo ni kero. Lakini mtu mwenye akili ya biashara au ya tiba, sijui ipi ilitangulia, akasema, mbona kuna watu wanatafuta kero hiyo hiyo? Kasoro ikageuzwa kuwa kazi. Dawa ikahamishwa kutoka kifuani kwenda kibofuni.

Uingereza ilianza kuuzwa kwa ajili ya kibofu mwaka 1986. Na ilipendwa. Mdomo haukukauka sana kama kwa oksibutinini, wazee waliivumilia. Madaktari waliandika, wagonjwa wakashukuru.

Kisha zikaanza kuja taarifa moja moja. Bibi ameanguka jikoni, amezimia. Mwingine mapigo ya moyo yameshuka mno. Kwenye karatasi ya kipimo cha moyo inaonekana mchoro mbaya, mapigo ya kasi yanayojizungusha kama kamba inayosokotwa, ambayo yasiporudi yenyewe moyo unasimama. Baadhi walifariki. Mwaka 1991 terodilini iliondolewa sokoni.

Kilichotokea ni hiki. Dawa ilikuwa bado ni ya moyo. Kuihamisha idara hakukuisahaulisha kazi yake ya zamani. Ilikuwa inachelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo. Kijana mwenye moyo mzima anaweza asihisi kitu. Lakini anayetafuta dawa ya kibofu mara nyingi ni mama mtu mzima, ana presha, anatumia dawa za kupunguza maji mwilini ambazo zinashusha madini ya potasiamu, labda na moyo wenyewe una kasoro. Weka terodilini juu ya hayo.

Hapo ndipo ninapokasirika kila nikiisoma. Si kwamba dawa mpya ina hatari, kila dawa mpya ina hatari. Ninachokiona ni kwamba kibofu kilichukuliwa kama tatizo dogo, na dawa yake ikaonekana nayo ni ndogo. Mgonjwa wa moyo akipewa dawa anapimwa moyo. Bibi akipewa dawa ya kibofu anaambiwa tu "meza hii, utalala usingizi". Na mpaka leo ninavyoona mimi mtu akija na malalamiko ya mkojo, ni wachache wanaoulizwa wanatumia dawa gani nyingine.

Huko huko Uswidi, waliokuwa wakifanya utafiti baada ya terodilini walitoka na tolterodini. Hii ilitengenezwa makusudi kwa kibofu, si ya kuazima, ikilengwa isishike tezi za mate sana kama oksibutinini. Marekani iliidhinisha mwaka 1998.

Kipindi hicho hicho ugonjwa wenyewe ulibadilishwa jina. Kabla ya hapo ili kusema kibofu chako kina tatizo hili ilibidi upimwe kwa mpira ndani ya kibofu, maji yajazwe, mashine ichore msuli unavyojikunja. Mwaka 1997 madaktari Alan Wein wa Marekani na Paul Abrams wa Uingereza waliongoza mkutano uliolieneza jina la kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi, na mwaka 2002 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kujizuia mkojo kikalipa maana rasmi inayotegemea dalili anazozisema mgonjwa mwenyewe. Wapo waliofurahi, kwa sababu mama wa kawaida sasa angeweza kutibiwa bila kupitishwa kwenye kipimo cha kudhalilisha. Wapo waliosema jina limepanuliwa ili soko la vidonge lipanuke. Mimi naona wote wana haki. Jina pana limewatoa wengi kwenye aibu. Pia limewatia kwenye vidonge watu ambao tatizo lao lilikuwa vikombe sita vya chai.


SEHEMU YA 4

Leo ni ya wale mlioniuliza "kwa hiyo wataalamu wamelala tu?" Hawajalala. Wamejaribu mpaka pilipili.

Sitanii. Kile kinachowasha kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini. Ukikata pilipili kichaa nyingi bila glavu, mkono unawaka kwanza, baadaye unakuwa kama umekufa ganzi. Watafiti wakafikiri: kwenye kuta za kibofu kuna mishipa ya fahamu inayopiga kelele za uongo, "kimejaa, kimejaa", wakati hakijajaa. Tukiiwasha mishipa hiyo mpaka ichoke, si itanyamaza? Mwaka 1992 Clare Fowler na wenzake London waliandika kuhusu wagonjwa wenye maradhi ya uti wa mgongo waliowekewa maji yenye kapsaisini ndani ya kibofu. Baadhi walikaa miezi bila kujikojolea. Lakini fikiria pilipili, na mahali inapopitishwa. Maumivu yalikuwa makali.

Wakahamia kwenye kitu kingine cha kundi hilo, resiniferatoksini, kutoka kwenye utomvu wa mmea wa jangwani wa Morocco. Mmea huo ni wa jamii moja na mnyaa wetu wa uani, ule ambao utomvu wake ukiingia jichoni unapofusha. Ina nguvu kuliko pilipili mara nyingi mno, ila inawasha kidogo zaidi wakati wa kuwekwa. Majaribio yakafanyika, majibu yakatofautiana, na mpaka leo hakuna iliyokuwa dawa ya kawaida ya kibofu. Tafadhali asitokee mtu wa kunukuu posti hii akauza "tiba ya mnyaa". Nitamblok.

Iliyofaulu ni sumu nyingine. Botox. Mnaijua kwa mastaa na nyuso zao. Ni sumu ya bakteria wa chakula kilichooza kwenye makopo, na kazi yake ni kuzuia mshipa usiitoe asetilikolini kabisa. Atropini inaziba mlango wa anayepokea amri, Botox inamziba mdomo anayeitoa. Na kwa kuwa inachomwa ndani ya msuli wa kibofu chenyewe, haiendi mdomoni wala kichwani kama kidonge. Mwaka 2000 daktari Brigitte Schurch na wenzake wa Zurich walichapisha matokeo ya kuichoma kwenye vibofu vya watu waliovunjika uti wa mgongo. Marekani iliidhinisha kwa wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2011, na kwa kibofu chenye haraka cha kawaida mwaka 2013. Kazi yake inaisha baada ya miezi kadhaa, unarudi kuchomwa. Na ikizidi nguvu kibofu kinagoma: kwenye majaribio kama watu 6 kati ya 100 ilibidi wajitoe mkojo kwa mpira kwa muda. Kwa mama wa kwetu anayekaa mbali na hospitali kubwa, hilo si la kupita haraka. Muulize daktari, "mkojo ukigoma saa nane usiku naenda wapi?" kabla hujasaini karatasi.

Halafu kuna mirabegroni. Hii imeachana na asetilikolini. Badala ya kuzuia amri ya kujikunja, inabonyeza kitufe kingine kwenye msuli, kile kinachouambia ulegee kibofu kijae. Na yenyewe, mtashangaa, ilianza kama dawa ya sukari. Kwenye kisukari haikufika mbali, kibofuni ikapata maisha. Japani iliikubali mwaka 2011, Marekani mwaka 2012. Mdomo haukauki kama wa zile za zamani, wengi wanaivumilia. Ila inaweza kupandisha presha, kwa hiyo mwenye presha iliyo juu sana isiyodhibitiwa hapewi. Mdogo wake, vibegroni, alifuata Japani mwaka 2018 na Marekani mwaka 2020. Tatizo kwetu ni bei na upatikanaji. Mwenye uwezo anaipata, wengine wanabaki na zile za ukoo wa atropini.


SEHEMU YA 5 (ya mwisho)

Nilianza na mama wa miezi mitano. Kabla sijamrudia, niwasimulie bibi mmoja.

Ana zaidi ya miaka 70. Aliletwa na wajukuu usiku, wakisema bibi amepagawa, tangu juzi anamwita marehemu mume wake na anafukuza kuku ambao hawapo. Walikuwa wameshapita kwa mtu wa maombi. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi", akaniangalia kama ukuta. Ulimi mkavu kama gome. Nilipomshika chini ya kitovu, pamejaa, pagumu. Tukamwekea mpira, ukatoka mkojo zaidi ya lita moja.

Nikamwomba mjukuu alete dawa zote za bibi, zote, hata za kwenye mtoto wa meza. Akaja na mfuko wa rambo. Vidonge vya kibofu. Amitriptyline aliyopewa mahali pengine kwa miguu kuwaka moto. Na Piriton, ambayo bibi alikuwa anaimeza kila usiku ili alale, kwa sababu inauzwa kila duka. Kila moja ilitoka kwa mtu tofauti, na kila aliyetoa alikuwa na sababu yake. Lakini zote tatu zinazuia asetilikolini. Bibi alikuwa amekula mnanaha kwa awamu, jamani. Daktari akazisimamisha. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amekaa, akaniuliza chai ya hapa mbona haina sukari.

Bibi alirudi. Kinachowasumbua watafiti ni wale wanaozitumia miaka. Mwaka 2015 Shelly Gray na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha ufuatiliaji wa wazee 3,434, wakaona waliotumia dawa za namna hii kwa wingi na kwa muda mrefu walipata zaidi ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaona uhusiano huo huo, dawa za kibofu zikiwemo. Uhusiano si ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, niwe mkweli. Lakini mimi mama yangu akiandikiwa, nitauliza kama kuna nyingine.

Sasa kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote niliyowatajia. Ulichapishwa mwaka 1998, mwaka ule ule wa tolterodini. Kathryn Burgio, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliwachukua wanawake 197 wa miaka 55 hadi 92 wanaotokwa na mkojo wakibanwa. Akawagawa makundi matatu kwa kura. Kundi moja likapewa oksibutinini. Kundi la pili likapewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa yoyote ndani. La tatu halikupewa kidonge, lilifundishwa tu: namna ya kukaza misuli ya nyonga, na namna ya kukijibu kibofu kinapoita. Wiki nane.

Waliomeza kidonge kitupu, ajali zao zilipungua kwa asilimia 39. Kitupu! Ndiyo maana ukisikia "jirani yangu alitumia kitu fulani akapona", usikimbilie pochi. Waliomeza dawa zilipungua kwa asilimia 69. Waliofundishwa, asilimia 81.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Uingereza mwaka 1981 daktari Jarvis alilinganisha mazoezi ya kibofu na vidonge vya wakati huo, mazoezi yakashinda. Na misuli ya nyonga Arnold Kegel alishaiandikia tangu mwaka 1948, akiwafikiria wanawake waliojifungua. Sasa jiulizeni kwa nini mnajua jina la Botox na hamjui la Burgio. Mazoezi hayana kampuni, hayana kalenda ya ukutani. Yanahitaji nesi akae na mama nusu saa, na nusu saa hiyo kwenye kliniki zetu, mimi mwenyewe nakiri, mara nyingi haipo.

Kwa hiyo mama wa miezi mitano nilimjibu hivi. Acha vidonge vya mama wa jirani. Zinashukiwa kupunguza maziwa, na hakuna aliyekupima kabla hujazianza. Nenda kapime mkojo na sukari. Nilimwambia tumbo lisipofunguka ndani ya siku mbili au mkojo ukigoma, aje hospitali.

Vipimo vikawa safi. Nikamwambia achukue daftari la shule la mtoto mkubwa, siku tatu aandike kila anapokojoa, saa ngapi, na alikunywa nini. Akaandika. Alikuwa anaenda kila dakika 50, mara nyingine kila 30, "ili nisije nikaaibika". Chai ya rangi vikombe vitano, eti inaongeza maziwa. Kibofu chake kilikuwa kimezoeshwa kutojaa.

Tukaanza na saa moja kamili. Akibanwa kabla ya saa hiyo hakimbii, maana kukimbia kunazidisha. Anasimama au anakaa, anakaza misuli ya nyonga haraka haraka mara tano sita kama anayezuia hewa, anahesabu au anamwimbia mtoto mpaka wimbi lipite, halafu ndiyo anatembea chooni taratibu. Baada ya siku chache tukaongeza dakika 15. Kisha nyingine. Chai ikabaki kikombe kimoja, maji anakunywa kama kawaida, maana ananyonyesha.

Wiki ya kwanza alilowana mara tatu na akanitumia ujumbe wa hasira kwamba bora vidonge. Nikamwambia daftari haliongopi, fungua la wiki ile ya mwanzo uhesabu. Wiki ya sita amefika saa mbili na nusu. Kuna siku anateleza bado, na akifika wiki ya 12 hajaridhika tumekubaliana aende kwa daktari wa wanawake waongee dawa, kwa kupimwa, si kwa kugawiwa. Jumamosi iliyopita alipanda basi la Morogoro akiwa amembeba mtoto. Aliniandikia akiwa Chalinze: hajashuka hata mara moja, ila amekaa kiti cha mlangoni.

Wanaouliza kuhusu watoto wanaokojoa kitandani, hiyo ni habari tofauti na wala msiwape dawa hizi. Nitaiandikia yake. Komenti za leo nitazijibu kesho mchana, naingia zamu ya usiku.